Fiziolojia ya Mazoezi na Wajibu wa Kupima

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya fiziolojia ya mazoezi hukutana mapema na kanuni iliyo fupi kuliko zote katika fani yake: chukua 220, toa umri wa mtu, na utakachobaki nacho ndicho kiwango cha juu cha mapigo ya moyo wake kwa dakika. Kanuni hiyo imo vitabuni, imebandikwa kwenye kuta za jimu, na ndiyo wengi wanayoitumia kumwelekeza mgonjwa wa kisukari atembee kwa kasi gani. Ilienea kutokana na makala ya Samuel Fox na wenzake ya mwaka 1971 huko Marekani, wala haikuzaliwa na utafiti uliopangwa kwa ajili ya kuitafuta. Waandishi walikusanya takwimu zilizokuwa tayari zimechapishwa, wakaona mstari unaokaribiana nazo. Miaka 30 baadaye, mwaka 2001, Hirofumi Tanaka na wenzake walipitia tafiti 351 na kupendekeza kanuni nyingine: 208, toa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 40 kanuni zote mbili zinatoa 180. Kwa bibi wa miaka 65, ya kwanza inatoa 155 na ya pili inakaribia 163.

Muuguzi akimwambia bibi huyo asivuke asilimia 70 ya kiwango chake, ataandika 108 au 114 kutegemea kitabu alichosoma. Na hata kanuni ya pili ni wastani tu: moyo wa mtu mmoja unaweza kupita au kupungukiwa kwa mapigo 10 na zaidi bila ugonjwa wowote. Ni nani amempima bibi wa Tandahimba au wa Busia akajua mstari wake unapita wapi?

Hoja yangu ni kwamba swali hili ndilo linalopaswa kuwa kiini cha shahada ya uzamili ya fani hii katika vyuo vyetu. Shahada ya kwanza inatosha kumfundisha mtu jinsi misuli inavyotumia oksijeni. Uzamili unapaswa kumtoa mtu aliyechukua angalau namba moja ya kuazima, akaijaribu kwa mikono yake juu ya watu wa eneo lake, na akaweza kusimama mbele ya jopo kueleza inafaa wapi na inapotosha wapi. Tasnifu iliyojazwa madodoso ya mitazamo ya walimu kuhusu michezo inaweza kuwa kazi nzuri ya elimu. Fiziolojia siyo.

Namba za kujaribiwa ni nyingi. Majedwali mengi yanayotueleza kutembea kunatumia nishati kiasi gani na kulima kiasi gani yamejengwa juu ya dhana kwamba mtu aliyepumzika hutumia mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Desturi ya vitabu inaihusisha thamani hiyo na mwanamume mmoja wa kilo 70 mwenye miaka 40. Mwaka 2005 Nuala Byrne na wenzake walipima watu 769 wa maumbo na umri tofauti, wakapata wastani wa 2.6 tu. Namba ambayo dunia nzima inazidishia hesabu zake ilikuwa imezidi kwa zaidi ya theluthi moja. Waliogundua hayo hawakuwa na nadharia mpya. Walilaza watu chini, wakapima pumzi zao kwa uangalifu, wakahesabu.

Sehemu inayoniuma ni hii: maarifa mengi yaliyoitikisa fani hii kwa miaka 30 iliyopita yametoka kwetu, lakini mara nyingi swali lilipangwa kwingine. Bengt Saltin wa Copenhagen alifika Kenya na vifaa vyake na mwaka 1995 akachapisha matokeo ya kuwalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Ilidhaniwa Wakenya wangekuwa na uwezo mkubwa mno wa kuvuta oksijeni. Haikuwa hivyo: miongoni mwa wakimbiaji wa daraja la juu, uwezo huo ulilingana. Tofauti ilionekana kwenye kiasi cha oksijeni wanachotumia kwa kasi ileile, na kwenye amonia, ambayo katika damu yao iliongezeka kwa kiwango cha chini kuliko katika damu ya wenzao wakati wa juhudi kubwa. Kisha ikaja Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima matumizi ya nishati ya Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kutwa kuchimba mizizi, kutafuta asali na kuwinda. Wakishazingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa mijini huko Marekani na Ulaya. Matokeo hayo yamewalazimu wanasayansi kufikiri upya juu ya mazoezi na unene. Kazi nyingine ya mwaka 2020, iliyoongozwa na David Raichlen, ilionyesha kuwa Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, ila kwa sehemu ya muda huo wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu yao inaendelea kufanya kazi kuliko ya mtu aliyekaa kwenye kiti.

Sisemi wageni walikosea kuja. Kazi zao ni safi, na baadhi yao walifanya kazi bega kwa bega na watafiti wa hapa. Vincent Onywera, alipokuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliongoza utafiti, uliochapishwa mwaka 2004, wa chakula cha wakimbiaji 10 mahiri wakiwa kambini. Kila kilichoingia mdomoni kilipimwa kwenye mizani kwa siku saba: ugali, mboga, maziwa, hadi sukari ya chai. Ikaonekana asilimia 76.5 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, gramu 10.4 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Hapakuwa na siri ya maabara wala vidonge. Utafiti wa namna hiyo, unaoanzia kwenye sufuria ya kambi na kuishia kwenye jarida la kimataifa, ndio kielelezo ninachotaka kiwekwe mbele ya kila mwanafunzi wetu.

Nitajibiwa kwamba vifaa ni ghali. Ni kweli. Mashine ya kuchanganua hewa anayotoa mkimbiaji ina bei inayoweza kumeza bajeti ya idara ndogo, na ikiharibika fundi huenda akatoka ng'ambo. Lakini umaskini wa vifaa umekuwa kisingizio kuliko unavyostahili. Mwaka 1968 Kenneth Cooper alichapisha jaribio linalohitaji uwanja uliopimwa na saa: mtu akimbie dakika 12, upime alikofika. Toa 504.9 kwenye mita alizokimbia, gawa kwa 44.73, utapata makadirio ya uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni. Aliyekimbia mita 2,400 anapata mililita 42 na ushei kwa kilo kwa dakika. Kanuni hiyo ilitokana na wanajeshi wa anga wa Marekani. Je, inamsema kweli kijana wa Njombe, anayekimbia kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, sawasawa na inavyomsema wa Tanga? Chuo chenye mashine moja tu kinaweza kuwapima washiriki wachache kwa mashine na wengi kwa saa, kisha kikalinganisha. Hiyo ni tasnifu kamili.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Jerry Morris na wenzake walionyesha mwaka 1953 kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva waliokaa. Walipotaka kujua kama tofauti ya unene ilikuwepo tangu mwanzo, walikwenda kwenye kumbukumbu za sare: fundi alikuwa ameandika kiuno cha kila suruali. Sasa fikiria maswali yaliyotuzunguka. Dereva wa bodaboda anayekaa juu ya tangi saa 12. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo mwezi wa Februari, nyuzi joto 32, mzigo wa mafuta ya kula: anapoteza maji kiasi gani? Mpime uzito kabla na baada, jumlisha alichokunywa, toa mkojo. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Kinachohitajika ni mizani nzuri, kipimajoto, na mwanafunzi aliye tayari kuamka alfajiri.

Kibali cha maadili nacho kisichukuliwe kama karatasi ya kumaliza foleni. Mshiriki aelezwe kwa lugha anayoielewa atafanyiwa nini, damu yake itakwenda wapi, na matokeo yarudishwe kwake. Mkimbiaji aliyetobolewa sikio mara tano ili kupima lakteti ana haki ya kujua ilisemaje.

Kuhusu ajira nitasema wazi: nafasi za kuhudumia timu za taifa ni chache mno. Mahitaji makubwa yako kwenye kliniki za shinikizo la damu na kisukari, ambako mgonjwa huambiwa "fanya mazoezi" bila kuambiwa ya aina gani, kwa muda gani, kwa nguvu ipi. Shirika la Afya Duniani linataja dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini neno "wastani" halimsaidii mama lishe anayesimama tangu saa 11 alfajiri. Mtaalamu aliyempima ndiye atakayemsaidia.

Kwa hiyo, wewe unayejaza fomu ya maombi mwaka huu, kabla hujalipa ada nenda maktaba ya chuo unachokitaka, omba tasnifu za idara hiyo za miaka mitano iliyopita, na ufungue sura ya mbinu. Tazama ni nani alipimwa, kwa kifaa gani, na msimamizi alikuwa nani. Kama hutakuta hata moja iliyopima mwili wa mtu, tafuta chuo kingine.