Hafshafti ya Bedford na daftari la babu

Najua nimepotea. Kwanza testi tatu ndani ya wiki moja, halafu intaneti ya hapa hosteli mnaijua ilivyo. Leo nimerudi na kitu nilichokuja nacho kutoka likizo nyumbani, Makambako. Ni historia tena, mtanisamehe, ndiyo ninayoisomea ualimu.

Siku ya tatu tangu nifike, shafti ya mashine yetu ya kusaga ilipinda. Mashine ile ndiyo iliyonilipia ada tangu kidato cha kwanza, kwa hiyo iliposimama na mimi roho ilisimama. Na shafti yenyewe ilikuwa na miezi miwili tu! Fundi mmoja wa mjini alimkerezea baba chuma kipya kinachong'aa, kimetoka duka la vifaa vya ujenzi. Babu alikigusa kwa tupa, tupa ikala kama inakula sabuni. Akasema, "Hii ni nondo iliyooga."

Kumbe mzee alikuwa sahihi. Sisi tunasema "chuma" tukidhani ni kitu kimoja, lakini kaboni kidogo tu inabadilisha kila kitu. Chuma laini cha ujenzi mara nyingi kina kaboni kama robo ya asilimia au pungufu. Hafshafti ya lori huwa karibu asilimia 0.4, springi za gari karibu 0.6. Ukipita asilimia 2 umeingia kwenye chuma cha kusubu, kama cha bloku ya injini, kigumu lakini ukikipiga nyundo kinapasuka. Wazee wetu wa pwani walilijua hili zamani, ndiyo maana Kiswahili kina pua na feleji kando ya chuma cha kawaida.

Sasa babu hana maabara. Alichonacho ni daftari la shule lenye jalada limechakaa, aliloanza kuandika alipokuwa fundi wa mashine ya kijiji mwanzoni mwa miaka ya 1980. Humo hakuna asilimia hata moja. Kuna: "nyundo, springi ya Land Rover, ya chini." "Pini, hafshafti Bedford." "Fuawe, kipande cha reli." Yaani kila kipuri kimeandikwa kwa kile kilichokuwa kabla.

Ili uelewe kwa nini, kumbuka miaka ile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Oktoba 1978 vita vya Kagera vikaanza, mwaka uliofuata bei ya mafuta duniani ikapanda, na kahawa yetu ilikuwa imeshashuka bei. Fedha za kigeni zikakauka. Viwanda vikafanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa malighafi na vipuri, mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi, na milango ya kuagiza bidhaa ikaanza kulegezwa 1984 tu. Hapo katikati watu walikula ugali kila siku. Nani alisaga? Katika vitabu vya kozi yetu nimesoma kuhusu SIDO iliyoanzishwa 1973 na TEMDO ya Arusha ya 1980, na ni kweli walifanya kazi. Ila kipuri cha kijiji kwa babu kilitoka kwenye lori lililokufa kando ya barabara. Hilo sijaliona kwenye kitabu chochote cha kozi, na linaniudhi kidogo.

Lori bovu ndilo lilikuwa stoo. Springi ilikuwa inafaa kwa nyundo za mashine kwa sababu unene wake unakaribiana nazo na haiishi haraka. Lakini usiizamishe kwenye maji ikiwa nyekundu! Anasema kijiji cha jirani walifanya hivyo wapate nyundo ngumu zaidi. Ikawa ngumu kama kioo, ikakatika mashine ikiwa kwenye mwendo, kipande kikatoboa bodi na bati la paa. Bahati hakuna aliyekuwa amesimama upande ule. Babu hakuwahi kuzamisha tena hata springi ya kisu bila kuuliza kwanza kitakachofanya kazi ni nini.

Hapa nikakumbuka Katuruka, ile ya kwenye historia ya kidato cha kwanza tunayoikariri na kuisahau. Miaka ya 1970 Peter Schmidt na Donald Avery walifanya kazi na wahunzi wazee wa Buhaya, wakajenga tanuru na kuyeyusha, na mwaka 1978 wakachapisha kwamba mafundi wa huko walipata chuma chenye kaboni karibu miaka 2,000 iliyopita. Wapo wataalamu waliobishia maelezo yao kuhusu hewa ya moto. Lakini bonge linalotoka kwenye tanuru la namna ile halilingani: huku laini, huku gumu. Mhunzi alipaswa kujua kipande kipi kiwe jembe na kipi kiwe kisu. Sisi mtihani unatuuliza tu "taja maeneo manne."

Basi tukaenda kwenye vyuma chakavu, mimi na babu. Hafshafti ya kwanza aliigusisha kwenye grenda: cheche zikapasuka vinyota vingi, ile nondo ilikuwa imetoa mistari mirefu mitupu. Nikadhani tumepata. Yeye akaipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akaniomba chaki (mwalimu lazima awe na chaki), akaipaka poda. Baada ya muda mstari mwembamba wa mafuta ukajitokeza karibu na meno. Ufa. Tukairudisha.

Ya pili ilikuwa safi. Ikapigwa moto hadi nyekundu kisha ikafukiwa kwenye majivu usiku kucha, maana bila hivyo inavunja visu vya mkerezaji. Asubuhi ilikuwa bado ya vuguvugu. Imekerezwa Alhamisi, Jumamosi foleni ya ndoo ilifika barabarani.

Kabla sijapanda basi babu alinipa daftari niandike mwenyewe, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nikaandika: "Shafti, hafshafti Bedford, ya pili. Ya kwanza ina ufa."