Nembo ya Chuo na Jasho la Mshonaji

Wanazuoni wenzangu, historia nitakayoieleza inahusu fulana zenye nembo za vyuo vikuu na watu waliozishona. Kiingereza huviita viwanda vya namna hiyo kwa jina la jasho. Kwetu jasho ni haki ya aliyelitoa. Ubaya umo katika kulila. Kwa hiyo nitaviita viwanda vya kula jasho, yaani vile ambamo mshonaji hulipwa ujira usiomtosha kuishi, hulazimishwa kufanya kazi saa za ziada, na hufukuzwa akithubutu kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Katika miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Marekani viliyapa makampuni leseni ya kuchapa nembo zao, navyo vikalipwa mrabaha. Wanafunzi waliounda United Students Against Sweatshops mwaka 1998 walitambua kwamba katika leseni hiyo wao ndio walioshika mpini. Mwanafunzi wa Duke hakuwa na mamlaka yoyote juu ya kiwanda cha ng'ambo, lakini alikuwa na sauti mbele ya mkuu wa chuo chake.

Dai lao la awali laonekana dogo: anwani. Makampuni yalishikilia kwamba mahali vilipo viwanda ni siri ya biashara. Mwaka 1999 wanafunzi walizikalia ofisi za wakuu wa Duke, Georgetown, Wisconsin na kwingineko, na mwaka huohuo Nike ikataja viwanda vilivyoshona nguo za vyuo. Kwa maoni yangu uzito wa historia hii uko hapo, kwani kiwanda kisichojulikana kilipo hakikaguliki. Mwaka 2000 likaundwa Worker Rights Consortium, shirika la ukaguzi lisilotegemea fedha za makampuni.

Jaribio kubwa lilitokea Honduras. Januari 2009 kampuni ya Russell ilikifunga kiwanda cha Jerzees de Honduras, na wafanyakazi wapatao 1,200 wakapoteza kazi. Wakaguzi walibaini kwamba uhasama dhidi ya chama cha wafanyakazi ulichangia uamuzi huo. Viongozi wa chama walizunguka vyuoni Marekani wakijieleza wenyewe. Karibu vyuo 100 vikakatiza mikataba. Novemba 2009 kampuni ilikubali kufungua kiwanda kipya, kuwarudisha wafanyakazi hao, na kutopinga vyama katika viwanda vyake vingine nchini humo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wanafunzi ndio waliowakomboa washonaji. Chama hicho kilikuwa kimekwisha kuketi mezani na mwajiri kudai nyongeza ya mshahara kabla chuo chochote hakijakatiza mkataba kwa ajili yake.