Bandama: Kiungo Kilichodharauliwa

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini: moyo umeimbiwa nyimbo hata umechoka. Ini nalo lina heshima yake, maana mtu akikuudhi sana unasema amekukata maini. Nyongo tunaitaja tukila kitu kichungu. Lakini bandama halina mshairi. Mtu wa mjini hulikumbuka akiwa buchani tu, tena hulikataa na kuomba abadilishiwe nyama.

Ukienda nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo, utakuta akina mama wanaolijua bandama vizuri kuliko sisi. Mtoto aliyepigwa na homa mara kwa mara huvimba upande wa kushoto, chini ya mbavu, na mkono wa mama hulihisi hilo kabla ya mkono wa daktari. Siku za nyuma dawa ilikuwa wembe. Mtoto alichanjwa chale ndogondogo juu ya uvimbe na kupakwa dawa. Chale za namna hiyo zilikuwako sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na madaktari wa hospitali walijifunza kuzisoma kama barua. Wakiziona juu ya tumbo la kushoto walijua mgonjwa huyu alikwisha kuteswa na bandama, hata kama mwenyewe hasemi.

Mimi si daktari, lakini nimesoma historia ya kiungo hiki, na nimeona kuwa ni historia yetu pia.

Bandama la mtu mzima aliye na afya lina ukubwa wa ngumi na uzito wa gramu 150 hivi. Kazi yake ni kuchuja damu. Chembe nyekundu zilizozeeka hukamatwa humo, na vijidudu vinavyoogelea katika damu hukamatwa humo pia. Malaria inapomrudia mtu mwaka hadi mwaka, chujio hili hufanya kazi kupita kiasi na kuvimba. Laweza kufika kitovuni na kukipita. Katika miaka ya 1840 daktari mmoja Mwingereza huko India, aitwaye Dempster, alitambua kwamba ukitaka kujua kijiji kina malaria kiasi gani, huna haja ya kuuliza maswali mengi. Wapange watoto mstari, uwapapase mmoja mmoja, uhesabu wenye bandama lililovimba. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mkosaji. Baadaye Shirika la Afya Duniani likawa na kipimo cha Hackett, kuanzia sifuri hadi tano: sifuri ni bandama lisilopapasika kabisa, na tano ni lile lililoteremka karibu na kinena. Huku kwetu pia watoto wa shule walipangwa mstari na kupapaswa hivyo hivyo.

Sasa, bandama lililovimba lina ubaya mmoja mkubwa. Linapasuka. Kofi, teke la mpirani, kuanguka kwa baiskeli, mambo ambayo mtu mwingine angeyacheka na kwenda zake, humwagia mwenye bandama hilo damu tumboni.

Jambo hili liliwahi kutikisa dola. Mwaka 1875 huko Agra, India, wakili mmoja Mwingereza aitwaye Fuller alikuwa akienda kanisani siku ya Jumapili pamoja na jamaa zake. Mtunza farasi wake, Katwaroo, hakuwapo palepale gari lilipoletwa. Fuller akampiga na kumvuta nywele, yule mtu akaanguka. Bwana akaenda zake kusali. Katwaroo akainuka, akasogea hadi uwanja wa jirani, akafa. Daktari akaeleza kwamba bandama lake lilikuwa limevimba kwa maradhi na limepasuka. Hakimu akamtoza Fuller faini ya rupia 30. Mwaka 1876 Lord Lytton, mtawala mkuu wa India, aliandika waraka wa kuilaumu hukumu hiyo, na magazeti ya Waingereza wa huko yakamshambulia yeye. Kwa miaka mingi baadaye, mtumishi akifa kwa kipigo cha bwana wake, bandama ndilo lililosimamishwa kizimbani badala ya bwana.

Kenya nayo ilikuwa na yake. Mwaka 1923 kijana Kitosh alipigwa na mlowezi kwa kosa la kumpanda farasi badala ya kumkokota, naye akafa. Madaktari wakasema mahakamani kwamba kijana mwenyewe alitaka kufa! Sheria inayofaa kusema ni kwamba anayepiga humkuta anayempiga jinsi alivyo, na bandama lake jinsi lilivyo.

Turudi kwenye kisu. Mwaka 1826 Mjerumani Quittenbaum alimwondolea mgonjwa bandama, na mgonjwa akafariki. Mwaka 1867 Péan wa Paris alimwondolea msichana bandama lenye uvimbe wa maji, na msichana akapona. Tangu hapo madaktari wakapata ujasiri. Ilionekana kwamba mtu anaweza kuishi bila bandama, akala, akalima, akazaa. Hivyo likapewa jina baya, kiungo kisicho na kazi. Likichanika, likate ulitupe.

Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, walileta habari ya kushtua. Watoto wachanga watano walioondolewa bandama kwa sababu ya ugonjwa wa damu walipatwa baadaye na maambukizo makali mno, na baadhi yao wakafa. Mtu asiye na bandama anaweza kuamka na mafua asubuhi na kuwa maiti usiku. Hatari hii haimpati kila mmoja, wala si lazima ije upesi. Inaweza kukaa miaka. Kwa sababu hiyo ilichukua muda mrefu kuamini kwamba inatokana na operesheni iliyosahaulika. (Wenye selimundu wanajua habari hii kwa njia nyingine, maana bandama lao hunyauka lenyewe wakiwa wadogo, na ndiyo sababu watoto wao hupewa penisilini.)

Sehemu ninayoipenda zaidi katika historia hii ilitokea kwa jirani zetu, Makerere, katika miaka ya 1960. Katika hospitali ya Mulago walikuwa wakija watu wazima wenye mabandama makubwa ya kutisha. Kwa kawaida mtu mzima aliyekulia penye malaria huwa amezoeana na ugonjwa, na bandama lake hurudi ndani. Hawa lao lilizidi kukua. Na ukipima damu yao kwa darubini, vijidudu vya malaria ni vigumu kuviona. Profesa Michael Hutt na wenzake walilifuatilia jambo hili. Waliona kwamba wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi walikuwa wengi miongoni mwa wagonjwa. Yaani watu wa milima yenye baridi walioteremka penye mbu.

Kisha wakafanya jambo la akili. Badala ya kukimbilia kisu, waliwapa wagonjwa dawa ya kuzuia malaria, proguanil, wakaimeza kwa miezi mingi. Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka 1971: mabandama yalinywea. Fikiri, msikilizaji. Tumbo ambalo lingepasuliwa, kwa hatari ya kutokwa na damu nyingi na kubaki bila kinga, lilitibiwa kwa vidonge. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa tiba uliofanyika Afrika Mashariki, na watu wengi hawajausikia.

Mimi nikiisoma habari hiyo nawaona Waha. Kasulu na Kibondo ni nchi ya vilima, na kwa miongo mingi ilitoa vijana wa kwenda kukata mkonge. Tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ilikuwa moja ya visima vyake. Manamba alitoka kwenye baridi ya Buha akashushwa Tanga au Morogoro, kwenye joto na mbu. Halafu wakaja wakimbizi kwenye vilima hivyo hivyo: Warundi mwaka 1972, tena kwa maelfu mwaka 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, na Warundi tena mwaka 2015, Nduta ikafunguliwa upya. Wengi wa Warundi hao walitoka milimani, wakalala ardhini chini ya maturubai. Ukiuliza malaria hupata wapi chakula chake, jibu ni hapo.

Na kisu kinashikwa na nani huko? Si profesa. Kuanzia mwaka 1963, kwa miongo mingi, nchi yetu ilikuwa ikiwafundisha madaktari wasaidizi, na wao ndio waliobeba upasuaji wa wilayani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika mikoa ya Kigoma na Mwanza na watu kama Dakta Godfrey Mbaruku, aliyefanya kazi Maweni, ulionyesha kwamba katika upasuaji wa uzazi wa dharura kazi ya madaktari wasaidizi haikuwa duni kuliko ya madaktari wenye shahada. Mikono hiyo hiyo hupokea kijana aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi, uso umepauka, bega la kushoto linamuuma, tumbo limekakamaa.

Hapo hakuna nafasi ya maneno mengi. Benki ya damu inaweza kuwa tupu. Kwa hiyo katika hospitali za wilaya za Afrika Mashariki madaktari walijifunza kuteka damu ya mgonjwa mwenyewe kutoka tumboni, kwa upawa safi, kuichuja kwa shashi na kumrudishia mshipani. Anayeona ni ushamba hajawahi kusimama mbele ya mtu anayekwisha. Kushona bandama lililochanika kunataka muda na damu ya akiba, na bandama lililolainishwa na malaria halishiki uzi. Basi huondolewa. Hata Bugando, hospitali kubwa ya rufaa, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wagonjwa 118 walioumia bandama ulionyesha kwamba karibu wote waliopasuliwa waliondolewa kiungo chote.

Daktari huyo siwezi kumlaumu, ameokoa roho. Ninachouliza ni siku ya saba, kijana anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Nchi yetu ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya vijidudu vya nimonia mwishoni mwa mwaka 2012, na hilo ni jema. Lakini kijana wa miaka 22 hakuwa katika hesabu hiyo. Anarudi kijijini, penye malaria, bila chujio. Anajua alipasuliwa tumbo. Kilichotolewa huenda hakijui.

Kipande cha karatasi ngumu kinatosha, cha kukaa mfukoni pamoja na kitambulisho: huyu hana bandama, akipata homa apewe dawa leo, asisubiri kesho. Chandarua na penisilini za akiba vifuatane nacho, na chanjo ikipatikana achanjwe kabla hajapanda gari. Nasema karatasi kwa makusudi, kwa kuwa tabibu wa zahanati atakayempokea usiku huo, miaka minane baadaye, ataona kovu tu.

Habari za ini na kongosho, tukijaliwa, juma lijalo.