Tasbihi

Tasbihi ni kumtukuza Mwenyezi Mungu kwa kumwepusha na kila upungufu, na tamko lake kuu ni Subhanallah. Waswahili huuita tasbihi pia uzi wa shanga unaotumika kuhesabia tamko hilo. Katika Al Ras, mtaa mkongwe wa Deira kwenye mdomo wa Khor Dubai, Waarabu hutenganisha maana hizo mbili: tasbihi ni kitendo, shanga ni misbaha.

Mzizi wa neno ni s-b-h. Sabaha ni kuogelea, na Kurani inautumia mzizi huo kwa jua na mwezi, kila kimoja kikielea katika njia yake (Yasin, aya ya 40). Je, kuogelea na kutukuza vina nasaba moja? Raghib al-Isfahani, katika kamusi yake ya maneno ya Kurani, anasema vinayo: asili ni kupita upesi majini au hewani, na mwenye kusabihi huiendea ibada kwa wepesi huo. Ibn Faris, aliyefariki mwaka 1004, aliona ni asili mbili mbalimbali. Naegemea kwa Raghib, kwani maelezo yake yanaziweka aya pamoja bila kuzilazimisha.

Shanga zilikuja baadaye. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Bi Fatima, mikono imemchubuka kwa kusaga, alimwendea baba yake, Mtume, kuomba mtumishi. Alifundishwa kilicho bora zaidi: kila anapokwenda kulala aseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Hesabu ilikuwa ya vidole. Wengine walitumia kokwa za tende na vijiwe. Ndiyo maana wapo wanaouona uzi wa shanga kuwa uzushi, hata Suyuti akaandika risala ya kuutetea. Kwangu utetezi una uzito: shanga hazisabihi, anayesabihi ni mtu.

Tasbihi kamili ina punje 99, na kila baada ya 33 huwekwa kitenganishi ili kidole kijue zamu imekwisha bila jicho kutazama. Ile fupi ina 33, nayo huzungushwa mara tatu. Punje huwa za mbao, kokwa za zeituni, kaharabu au yusri, yaani matumbawe meusi.

  

Ipo pia swala ya tasbihi: rakaa nne, kila moja ikiwa na tasbihi 75, jumla 300. Ibn al-Jawzi aliikataa hadithi yake. Ibn Hajar aliitetea.