Thelma Ritter na ulimi usiomwogopa tajiri

Mama mmoja amechoka. Ni msimu wa Krismasi ndani ya duka kubwa la Macy's, New York. Amezunguka mji mzima akimtafutia mwanawe gari la zimamoto la kuchezea, na miguu imeanza kumgomea. Baba Krismasi wa duka hilo anamwambia bila kuficha kwamba hapa halipo, aende kwa wapinzani. Mama anapigwa na butwaa. Kisha anamtafuta mkuu wa idara na kumtangazia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuvutana bei, kwamba kuanzia leo yeye ni mteja wa Macy's.

Ni dakika chache tu za filamu ya Miracle on 34th Street (1947), na jina la mwigizaji huyo halikuorodheshwa kwenye filamu. Lakini Darryl Zanuck, bosi wa studio ya 20th Century-Fox, alivutiwa naye mno akaagiza aongezewe nafasi.

Aliitwa Thelma Ritter, mzaliwa wa Brooklyn, na alikuwa na miaka 45. Ujanani alisomea uigizaji, akafanya kazi jukwaani, na mwaka 1927 akaolewa na Joseph Moran, mwigizaji mwenzake ambaye baadaye alihamia kwenye matangazo ya biashara. Walipopata watoto, Ritter aliiweka sanaa kando kwa miaka kadhaa, kisha akarudi kwa kupitia redio. Nausisitiza umri huo wa miaka 45 kwa sababu Hollywood ya wakati ule ilikuwa ikiwafungia mlango wanawake wa rika lake. Yeye aliingia wenzake wakitoka, na aliingia na uso wake ulivyo na lafudhi yake ya Brooklyn ilivyo.

Studio zikampa uyaya, upishi, uuguzi, umama wa vijana waliopanda daraja. Ni nafasi za kupita na sinia tu, na wengi walizicheza hivyo. Ritter alizigeuza kuwa nafasi za mtu anayeona. Ukimtazama, tazama mikono: karibu kila anapotupa kijembe, mikono iko kazini. Anayefua, anayepika na anayekanda mgongo wa tajiri anajua mambo ya nyumba hiyo kuliko mwenye nyumba, na Ritter alicheza ujuzi huo bila kuuombea huruma.

Katika All About Eve (1950) yeye ni Birdie, anayemvisha na kumvua mwigizaji nyota Margo, aliyechezwa na Bette Davis. Binti mgeni, Eve, anasimulia mikasa ya maisha yake hadi wakubwa wanalengwalengwa na machozi. Birdie anaikata simanzi hiyo kwa utani mmoja: kisa kimekamilika, kimekosa mbwa tu wa kumfukuza binti kwa nyuma. Anakaripiwa na kuomba radhi. Lakini ni yeye anayeanza kumshuku Eve, kabla Margo mwenyewe hajashtuka. Kinachonikera hadi leo ni kwamba filamu inamtupa Birdie katikati, bila hata kwaheri.

Alfred Hitchcock hakufanya kosa hilo katika Rear Window (1954). Ritter ni Stella, muuguzi anayekuja kumkanda mpiga picha aliyevunjika mguu. Huku akimkanda mgongo, anajigamba kwamba aliuona mdororo wa 1929 kabla haujafika: alikuwa akimuuguza mkurugenzi wa General Motors, akahesabu mara ngapi kwa siku mzee huyo alikwenda msalani, akajua uchumi hauko salama. Siku nyingine mgonjwa anakula kifungua kinywa, naye Stella anawaza kwa sauti ni wapi jirani alimkatakata mkewe. Bafuni, bila shaka, damu inaosheka. Mgonjwa anashindwa kumeza. Stella hana habari; mawazo yake yako kwa jirani.

Kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Pickup on South Street (1953) ya Samuel Fuller. Humo yeye ni Moe: anauza tai mitaani, na chini ya tai anauza habari za wezi wa mifukoni kwa polisi. Anabishana bei na kapteni kituoni, akidai maisha yamepanda. Kila senti anaiweka kwa ajili ya kaburi na jiwe lake, maana hofu yake ni kuzikwa na maiti zisizo na wenyewe. Wezi anaowauza hawamchukii, wanajua lazima ale. Kisha anakuja mtu mwenye bastola anayetaka anwani ya mmoja wao, na Moe, aliyezoea kuuza kila mtu, anakataa. Amekaa kitandani, gramafoni inalia, anamwambia muuaji jinsi alivyochoka. Ni mcheshi yuleyule wa kituoni, sauti ileile, ila sasa kila neno lina uzito. Kamera inamwacha, na mlio wa risasi tunausikia tu.

Kwa nafasi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, mwaka wa nne mfululizo. Donna Reed akaichukua kwa From Here to Eternity. Namheshimu Reed, lakini tuzo ile ilikuwa ya Moe. Ritter aliteuliwa tena kwa Pillow Talk (1959), kama mfanyakazi wa ndani anayeamka na uchovu wa pombe kila asubuhi, na kwa Birdman of Alcatraz (1962), kama mama wa mfungwa, bila chembe ya kichekesho. Mara sita, na hakushinda hata moja. Hakuna aliyeteuliwa mara nyingi zaidi katika kipengele hicho. Mwaka 1955 alikabidhiwa hata kuongoza sherehe hizo upande wa New York. Jukwaa ndilo lililomtendea haki: mwaka 1958 alipata tuzo ya Tony kwa New Girl in Town, akigawana na Gwen Verdon wa onyesho hilohilo.

Alifariki Februari 1969. Anayetaka kumjua asianze na Rear Window, ingawa ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Aanze na Moe, kisha arudi kwa Stella. Utani wa Stella atausikia kwa sikio jingine.