Mshipa wa mama mdogo na watu wa Seattle

Najua nimewasusa wiki tatu nzima na wengine mmeshaanza kuniuliza kwa simu kama nimeoa au nimefungwa. Sijaoa wala sijafungwa. Nyumbani kwetu hapa Magomeni kuna mgonjwa, na leo nitaandika kuhusu yeye, kisha nitawazungusha dunia kidogo. Ni marefu. Mwenye haraka akanywe chai kwanza.

Mama mdogo wangu amekuja kutoka mkoani kutibiwa saratani ya titi. Ameshafanyiwa upasuaji, sasa yuko kwenye kemo, kila baada ya wiki tatu. Siku ya dawa tunaamka alfajiri, tunadandia mwendokasi pale Mapipa tukiomba Mungu Jangwani pasiwe pamejaa maji, maana pakijaa ndiyo basi tena, Morogoro Road inafungwa na ratiba yote ya mgonjwa inaharibika.

Lakini shida yake kubwa si foleni wala mafuriko. Shida yake ni mshipa.

Mkono wa kulia, upande aliofanyiwa upasuaji, aliambiwa usichomwe sindano. Umebaki wa kushoto. Na huo wa kushoto ulishapata ajali kabla hajaja kwetu, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Walikuwa wanampa ile dawa nyekundu, wagonjwa wa kemo mnaijua, ikavuja nje ya mshipa. Dawa hii ikiwa ndani inakwenda na damu na kuchanganyika. Ikitoka nje inakaa pale pale inaunguza nyama taratibu, siku baada ya siku. Mama mdogo alipata kidonda nyuma ya kiganja kilichochukua muda mrefu kufunga, na kovu lake mpaka leo linamvuta kidole cha mwisho. Tangu hapo mishipa ya mkono ule imekuwa migumu kama kamba ya katani. Safari iliyopita sista alitafuta mara nne. Mara ya nne ndipo ukapatikana, karibu na kiwiko. Mama mdogo hakulia. Aliangalia ukutani tu muda wote.

Ndipo daktari anayemtibu sasa akataja neno ambalo hatukuwahi kulisikia: poti. Kifaa kidogo, kinafukiwa chini ya ngozi ya kifua, mrija wake unaingia kwenye mshipa mkubwa, na dawa zote zilizobaki zinapitia hapo. Kwa Kiingereza jina lake ni lile lile la bandari. Bei aliyotutajia ilizidi kodi yetu ya mwaka.

Jumapili wakubwa wakakutana sebuleni. Mjomba akauliza swali la msingi kabisa: kitu kiingie mwilini kikae humo miezi, na nani alijaribiwa kwanza? Wote wakanigeukia. "Wewe si mwandishi? Tutafutie." Basi nikatafuta.

Tuanzie Ujerumani, mji mdogo unaitwa Eberswalde, mwaka 1929. Daktari kijana, Werner Forssmann, aliamini kwamba mrija mwembamba unaweza kupitishwa kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo na mtu asife. Wakubwa wake wakamkatalia. Akamshawishi nesi aliyekuwa na funguo za vifaa, Gerda Ditzen, ambaye alikubali kwa sharti kwamba afanyiwe yeye. Forssmann akamfunga kwenye meza ya upasuaji, kisha kisirisiri akajichoma mwenyewe. Nesi alipogundua, mrija ulishaingia. Wakatembea wote wawili mpaka chumba cha eksirei, mrija ukining'inia mkononi, wakapiga picha kuthibitisha kwamba umefika kwenye moyo. Badala ya kusifiwa alionekana kichaa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1956, mwaka ule ule ambao hapa Dar ilifunguliwa hospitali ya Princess Margaret, ambayo leo tunaiita Muhimbili.

Kwa nini mshipa mkubwa wa karibu na moyo? Kwa sababu pale damu ni nyingi na inakwenda kwa kasi, dawa kali ikiingia inachanganyika papo hapo. Mshipa mdogo wa kiganjani ni kichochoro cha Magomeni Mikumi, ukipitisha lori lazima litakwangua ukuta.

Sasa twende Seattle, Marekani, ambako tutarudi tena na tena mpaka mtashangaa. Mashine ya kusafisha figo ilikuwepo tangu miaka ya 1940. Lakini kila ukimwunganisha mgonjwa unakata mshipa, na mishipa mizuri inakwisha haraka. Kwa hiyo mashine ilimfaa yule ambaye figo zake zimelala siku chache na zitaamka. Aliyeharibikiwa moja kwa moja alirudishwa nyumbani kufa. Daktari Belding Scribner akawaza: kwa nini tusimwachie mrija humo humo? Mrija mmoja kwenye ateri, mwingine kwenye vena, na baada ya matibabu unaviunganisha kwa kipande chenye umbo la U ili damu izidi kuzunguka isigande. Aliutengeneza kwa teflon, kitu kile kile cha kikaango kisichoshika chakula, kwa msaada wa fundi wake Wayne Quinton. Tarehe 9 Machi 1960 mgonjwa wa kwanza aliwekewa. Jina lake Clyde Shields, fundi mashine wa kiwanda cha ndege cha Boeing. Mshikeni jina huyu.

Tatizo jipya likaja: wagonjwa wengi, mashine chache. Mwaka 1962 kituo kilipofunguliwa pale Seattle, raia wa kawaida walikaa kama kamati kuamua nani aunganishwe na nani aachwe. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta, nikatoka nje kupunga upepo, maana sebuleni kwetu nako kulikuwa na kamati.

Miaka michache baadaye, mwaka 1966, madaktari wa New York, Brescia na Cimino na wenzao, walionyesha kwamba unaweza kuachana na mrija kabisa: unaunganisha ateri na vena za mkono wa mgonjwa mwenyewe, vena inanenepa na kuvumilia sindano kubwa kila mara. Inaitwa fistula (si ile ya akina mama baada ya uzazi, msichanganye). Mtaani kwetu yuko mzee mmoja anayesafishwa figo, aliniruhusu niweke mkono juu ya yake. Inanguruma chini ya ngozi kama paka aliyeshiba.

Sasa turudi nyumbani, maana hadithi hii ina mguu mmoja huku kwetu. Dawa zenyewe za kuua saratani zilipata moja ya ushahidi wake wa mwanzo Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, mwenye jicho moja, alikuwa Mulago, akaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Aliandika mwaka 1958. Mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata Uhuru, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakaendesha kama kilomita 16,000 kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, hospitali kwa hospitali, wakiuliza ugonjwa ule unaonekana wapi. Kampala hakukuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo alijaribu dawa. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Kuna watoto walipona kwa dozi chache tu, wakati huko Ulaya na Marekani wengi hawakuamini kwamba saratani inaweza kupona kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 kikaanzishwa pale Mulago kituo ambacho ndicho kilizaa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Na moja ya dawa za wakati ule, vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963, inatoka kwenye ua la Madagaska, lile la petali tano, la waridi au jeupe, linaloota penyewe kando ya kuta zetu. Hapa uani kwetu lipo, kuku wanalipita. Nayo ni katika zile dawa zinazounguza zikivuja.

Watoto wa Burkitt walibahatika kwamba uvimbe wao unasikia dawa haraka. Saratani nyingine zinataka mizunguko mingi, miezi na miezi, na hapo ndipo mshipa unakwisha kabla ya ugonjwa. Waliolishughulikia hilo? Seattle tena. Mwaka 1973 John Broviac, kutoka kundi la Scribner, alitoa mpira laini wa silikoni, awali kwa ajili ya kuwalisha kupitia mshipa watu ambao utumbo wao haufanyi kazi. Mwaka 1979 Robert Hickman akaupanua kwa wagonjwa wa kupandikizwa uboho. Ujanja wao mmoja naupenda: mpira unapita kwanza chini ya ngozi, na kwenye sehemu ile una kijitambaa kama pete. Nyama inaota ndani ya kijitambaa, inaushika mpira na kuwazibia njia wadudu.

Lakini ncha yake inabaki nje, inaning'inia kifuani. Fikiria unaoga kwa ndoo, bafu la wapangaji sita, na mtoto mgongoni anayevuta kila kitu.

Mwaka 1982 daktari wa upasuaji John Niederhuber na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya kuufukia mfumo mzima. Kijikopo chini ya ngozi, juu kina kifuniko kizito cha silikoni, chini mrija unaelekea moyoni. Nesi anapapasa, anachoma ngozi na kifuniko, anapata njia ya uhakika. Sindano ikitoka, kifuniko kinajifunga, na kinavumilia kuchomwa zaidi ya mara 1000. Ila sindano ya kawaida haifai, inamega vipande vya silikoni. Inatakiwa ile iliyopindwa ncha, sindano ya Huber. Na Huber alikuwa daktari wa meno. Wa wapi? Seattle.

Jumapili iliyofuata niliwasomea haya yote. Sikuficha upande wa pili: kinaweza kuingia wadudu, damu inaweza kuganda kwenye mrija, na hata kisipotumika lazima kisafishwe kila baada ya wiki kadhaa. Mjomba, ambaye nilidhani atauliza bei, akauliza akirudi mkoani nani atakisafisha, na hiyo sindano ya kupinda ataipata wapi. Hakuna aliyejibu. Shangazi akasema basi asirudi mpaka kitolewe. Mama mdogo akasema ana shamba na ana watoto.

Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, yule wa kwanza aliyeachiwa mpira mwilini, yule fundi wa ndege. Aliishi?"

Nikamwambia ugonjwa wake ulikuwa mwingine, figo, na mpira wake ulikuwa tofauti. Akasema hilo kaelewa, nijibu nilichoulizwa.

"Aliishi miaka 11, mama. Alifariki 1971."

Akanyamaza. Kitinda mimba wake yuko darasa la nne. Nikamwona anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, kile cha mwisho hakinyooki, akakiruka akarudia mwanzo. Halafu akamwambia mjomba aanze kuandika majina ya watakaochanga, na yeye aandikwe wa kwanza, ana mbuzi watatu.

Alhamisi tunarudi kwa daktari. Nitawajuza.