Kabla ya kuondoka na pikipiki ya mkopo

Huko Kakoba, jijini Mbarara, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, pikipiki ya bodaboda ni riziki ya kila siku, na wengi huinunua kwa mkopo. Hatari hujitokeza muuzaji anapomkabidhi mnunuzi pikipiki kabla mkopo haujaidhinishwa. Ombi likikataliwa, pikipiki hudaiwa irudishwe, ilhali malipo ya awali yamekwisha kutolewa.

Kukabidhiwa chombo si kukimiliki. Nchini Uganda, ununuzi wa kukodi una sheria yake ya mwaka 2009. Katika utaratibu huo, umiliki hubaki kwa muuzaji hadi masharti ya malipo yatimizwe. Aidha, sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana za mali inayohamishika humwezesha mkopeshaji kusajili haki yake katika daftari la URSB, mamlaka ya usajili ya serikali. Anayenunua chombo kilichotumika anaweza kulipekua daftari hilo ili ajue kama kimewekwa rehani.

Tatizo hili halipo Uganda peke yake. Nchini Marekani, baadhi ya wauzaji wa magari humwita mnunuzi siku chache baadaye na kumtaka atie saini mkataba mpya wenye riba kubwa zaidi.

Kabla ya kuondoka, mnunuzi aombe barua ya idhini ya mkopo, stakabadhi ya malipo ya awali, na sharti la maandishi linalosema fedha zake zitarudishwa lini mkopo usipopatikana. Asiyesoma Kiingereza asomewe kwanza mkataba na mtu anayemwamini.